Sumu Isiyoonekana: Jinsi Kemia Ilivyoingia Mahakamani

Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Lakini mbele ya hakimu methali hiyo haitoshi. Mtu akifa ghafula, majirani hunong'ona. Mahakama hutaka ushahidi. Leo tutazame jinsi somo letu la kemia lilivyosaidia kutafuta ukweli.

Zamani huko Ulaya wauaji wengi walitumia aseniki. Ni unga mweupe, hauna harufu, tena ladha yake haitambulikani katika chakula. Uliuzwa madukani kwa kuulia panya. Aliyeulishwa alitapika na kuharisha, hata watu wakadhani ni kipindupindu, naye akazikwa bila swali.

Katika miaka ya 1830 Mwingereza mmoja, John Bodle, alishtakiwa kumwua babu yake kwa kumtilia aseniki katika kahawa. Mkemia James Marsh, aliyefanya kazi katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Woolwich, aliipima kahawa ile akaiona sumu. Alipata kitu cha rangi ya manjano, lakini siku ya kesi kilikuwa kimekwisha haribika. Wazee wa baraza hawakusadiki, na Bodle akaachiliwa. Baadaye alikiri kwamba ndiye aliyeua.

Marsh aliudhika sana, akatafuta njia iliyo bora, akaitangaza mwaka 1836. Njia yenyewe ni hii:

1. Kitu kinachoshukiwa hutiwa katika chupa pamoja na zinki na asidi. Hutoka gesi ya haidrojeni.
2. Kama mna aseniki, nayo huungana na haidrojeni ikawa gesi.
3. Gesi hiyo ikiwashwa, na kigae baridi kikawekwa katika mwali wake, hufanyika doa jeusi linalong'aa kama kioo. Doa hilo ndiyo aseniki yenyewe.

Wanafunzi, msijaribu jambo hili! Gesi hiyo huua.

Mwaka 1840 njia hii ilitumika katika kesi mashuhuri huko Tulle, Ufaransa. Bibi Marie Lafarge alishtakiwa kumwua mumewe, Charles. Wakemia waliopima walipingana: huyu aliona sumu, yule hakuona. Ndipo akaitwa Bwana Orfila kutoka Paris, bingwa wa elimu ya sumu. Yeye hakupima maiti tu. Alipima pia zinki na asidi alizozitumia, kwa maana mara nyingi hizo nazo huwa na aseniki kidogo. Akapima na udongo wa kaburini. Humo hakuona kitu, bali mwilini aliiona. Bibi Lafarge akahukumiwa kifungo cha maisha.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, chombo kizuri mikononi mwa mtu asiyekuwa mwangalifu hudanganya. Hata madini ya antimoni hufanya doa kama lile, ila doa la aseniki huyeyuka katika dawa ya kung'arishia nguo, na la antimoni haliyeyuki. Kwa hiyo, mwanafunzi akiambiwa arudie jaribio, asinung'unike.

La pili ni kubwa zaidi. Orfila alionyesha kwamba sumu ilikuwamo mwilini; hakuonyesha ni mkono wa nani ulioitia. Bibi Lafarge alishikilia kwamba hana hatia mpaka alipokufa mwaka 1852, na watu wameendelea kubishana. Kemia hujibu, "Amekufa kwa nini?" Swali la "Ni nani aliyemwua?" huhitaji mashahidi wengine.

Siku hizi mitambo ya maabara hupima sumu nyingi kwa usahihi mkubwa kuliko chupa ya Marsh. Tanzania, kazi hii hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Basi, pakitokea kifo cha mashaka kijijini, tusimnyoshee mtu kidole kwa uvumi, wala tusisafishe vyombo alivyolia marehemu. Tuwaite polisi na daktari. Huenda kikombe kisichooshwa kikamwokoa mtu asiye na hatia.