Muuguzi mmoja, wagonjwa wangapi?

Wauguzi wakigoma, neno la kwanza tunalolisikia ni mshahara. Chama husema kinataka nyongeza, serikali husema hazina haina pesa, nasi wengine tunajiuliza mgonjwa wetu atapelekwa wapi. Lakini katika migogoro mingi ya wauguzi, hapa kwetu na ng'ambo, kuna dai jingine lisilopewa nafasi kubwa: idadi ya wagonjwa anaoachiwa muuguzi mmoja katika zamu moja. Mimi ni daktari, si muuguzi, na sina kadi ya chama chao. Hata hivyo, dai hili ni la kitabibu kama lilivyo la kikazi, na ni vyema msomaji alielewe.

Tuanze na kazi yenyewe. Daktari humwona mgonjwa aliyelazwa kwa dakika chache asubuhi, huandika maagizo, kisha huenda zake. Saa zilizobaki ni za muuguzi. Yeye ndiye anayepima joto, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na pumzi. Ndiye anayetoa dawa kwa saa zake, anayeangalia dripu isivimbishe mkono, na anayemgeuza asiyejiweza ili asipate vidonda vya kulala. Zaidi ya hayo, ndiye anayegundua kwamba mambo yameanza kwenda mrama.

Mara nyingi mgonjwa aliyepasuliwa hafi ghafla. Kwanza pumzi hupanda, tuseme kutoka 16 kwa dakika hadi 24. Kisha moyo hudunda kasi, mkojo hupungua, na mgonjwa huanza kuweweseka. Haya yote yaweza kuchukua saa kadhaa. Muuguzi mwenye wagonjwa 5 huyaona na kumwita daktari. Mwenye wagonjwa 30, hata awe hodari namna gani, hana njia ya kuyaona: akimpa kila mmoja dakika 10 tu, mzunguko mmoja utamla saa 5.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2002 Profesa Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 230,000 waliofanyiwa upasuaji. Waligundua kwamba kila mgonjwa mmoja anapoongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufa katika siku 30 huongezeka kwa asilimia 7.

Tafadhali isome hesabu hiyo kwa makini, maana hupotoshwa mara kwa mara. Haina maana kwamba wagonjwa 7 kati ya 100 watakufa. Katika hospitali zile, wagonjwa 20 hivi kati ya kila 1,000 walifariki. Asilimia 7 ya 20 ni kama mtu mmoja na nusu. Laonekana dogo. Lakini mzigo ukitoka wagonjwa 4 hadi 8 kwa kila muuguzi, ongezeko hufikia asilimia 31, yaani 20 wale wanakuwa 26 hivi. Watu 6 katika kila 1,000. Mwaka 2014 uchunguzi wa hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya ulipata asilimia ile ile ya 7.

Msomaji mwerevu atauliza: je, si huenda hospitali zenye wauguzi wengi ni zile zenye pesa, mashine na madaktari bora? Swali zuri, na watafiti walijaribu kuyapima hayo pia. Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka Queensland, Australia. Kuanzia Julai 2016 sheria iliagiza kwamba katika wadi kadhaa za hospitali za serikali muuguzi mmoja awe na wagonjwa wasiozidi 4 kwa wastani mchana na jioni, na 7 usiku. Hospitali 27 zilizowekewa kiwango hicho zililinganishwa na 28 ambazo hazikuwekewa, kabla na baada. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: penye kiwango, vifo vilipungua, na siku za kulazwa pia. Pesa zilizookolewa zilizidi mara mbili gharama ya wauguzi walioongezwa. Wahasibu wetu wangefanya vyema kuusoma ukurasa huo.

Kiwango hakikushuka kutoka mbinguni

Jimbo la kwanza Marekani kuweka kiwango katika sheria kwa hospitali nzima lilikuwa California. Hospitali za miaka ya 1990 zilikuwa zikipunguza wauguzi ili kubana matumizi. Chama cha Wauguzi wa California kilipiga kelele kwa miaka, na Gavana Gray Davis akatia sahihi mwaka 1999. Sheria ilianza kutumika Januari 2004: wagonjwa mahututi 2 kwa muuguzi mmoja, watoto 4, wadi ya kawaida 6, na mwaka uliofuata 5. Gavana aliyefuata, Arnold Schwarzenegger, alijaribu kuiahirisha hatua hiyo ya mwisho. Chama kikaenda mahakamani na kushinda mwaka 2005.

Hapo ndipo umuhimu wa chama unapoonekana. Muuguzi mmoja akilalamika kwa metroni kwamba wadi imemlemea, huambiwa avumilie, au huhamishwa. Wakilalamika 7,000 kwa pamoja husikika. Januari 2023 wauguzi kiasi hicho waligoma kwa siku 3 katika hospitali mbili kubwa za New York. Walirudi na mkataba uliompa msuluhishi uwezo wa kuiamuru hospitali ilipe fidia pale ilipokiuka idadi ya wauguzi. Kwa maoni yangu, kifungu hicho kina thamani kuliko nyongeza yoyote, kwa kuwa kiwango kisicho na adhabu ni karatasi ya kubandika ukutani.

Hesabu ya wadi

Msimamizi anaweza kusema, "Wadi hii ina vitanda 30 na wauguzi 21, mnataka nini tena?" Chukua kalamu. Kwa kiwango cha wagonjwa 6, wadi hiyo yahitaji wauguzi 5 kila zamu. Siku ina zamu 3, kwa hiyo ni 15 kwa siku. Kila mmoja hufanya kazi siku 5 kati ya 7, hivyo wanahitajika 21, na hapo hakuna aliye likizoni, aliyejifungua wala aliyeugua. Wale 21 walioonekana wengi hawatoshi. Ndiyo maana takwimu za wauguzi kwa kila watu 10,000, ingawa zina kazi yake, hazikuambii nani yuko wadini saa 8 za usiku.

Hapa Kenya, Katiba ya 2010 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma katika kifungu cha 41, na inampa kila mtu haki ya afya katika kifungu cha 43. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kwa upande wake, inaziweka huduma za hospitali miongoni mwa huduma za lazima ambazo migomo yake imekatazwa. Haki hizi hugongana kila mara. Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulianza Juni ukaisha Novemba, na walioumia zaidi ni wale wasioweza kulipia hospitali za kibinafsi. Siufurahii mgomo wa miezi 5. Lakini wadi yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa 30 pia ni huduma iliyosimama nusu, ila haitangazwi. Kinachochoma roho ni kwamba tunao wauguzi waliohitimu ambao hawana kazi, na mwaka 2021 tulitia sahihi mkataba wa kuwapeleka Uingereza.

Kama una mgonjwa wadini sasa

Muulize sista wa zamu, kwa heshima, ana wagonjwa wangapi. Ukiona mgonjwa wako anapumua haraka kuliko asubuhi, amechanganyikiwa, au hajakojoa kwa saa 6, mwambie muuguzi maneno hayo hayo. "Hali ni mbaya" haimsaidii kuamua amwendee nani kwanza. Usiiongeze kasi dripu mwenyewe, wala usimlishe aliyeagizwa asile. Na ukikuta zamu ina muuguzi mmoja, mwandikie msimamizi wa hospitali na nakala kwa idara ya afya ya kaunti. Taja tarehe, saa, wadi na idadi ya wagonjwa. Jina la muuguzi usilitaje.