Alama Gani Inakuamrisha, Gani Inakuonya?

Barabara ya kutoka Mjini Unguja kuja Kizimkazi inapita katikati ya msitu wa Jozani. Pale pana mabango ya kutahadharisha kuhusu kima punju, na matuta yaliyowekwa kwa sababu gari zilikuwa zikiwaua. Wapo madereva wanaosema, "Lile onyo tu, si amri." Wana ukweli nusu.

Alama hujieleza kwa umbo na rangi, hata kwa asiyejua kusoma. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza: ukiona 50 ndani yake, kuzidisha mwendo huo ni kosa hata kama barabara ni tupu. Duara la buluu linaamrisha. Bamba jekundu la pembe nane linakutaka usimame kabisa, si upunguze mwendo na kuchungulia.

Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya: mbele pana kona, tuta au skuli. Ukiipita mbio huenda usishitakiwe siku hiyo. Lakini ukimgonga mtoto, ndiyo itakayoulizwa mahakamani: uliiona? Ulifanya nini? Onyo ulilolipuuza linageuka ushahidi wa uzembe wako. Nawasihi hasa vijana wa bodaboda, na madereva wanaowakimbiza wageni kuwahi kuona pomboo asubuhi.

Na ukisimamishwa? Usafiri wa barabarani Zanzibar una sheria yake, si ile ya Bara. Muulize askari kwa adabu: "Afande, nimevunja alama ipi, na iko wapi?" Kujua kosa lako ni haki yako. Ukikubali kosa na kulipa faini, dai risiti ya serikali. Usipokubali, usigombane njiani. Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinakupa haki ya kusikilizwa, na huhesabiwi mkosa mpaka mahakama iseme.

Alama ikiwa imeanguka, au imezibwa na matawi au ubao wa hoteli, ipige picha siku ile ile, mahali paonekane wazi, na utafute shahidi wa kumweleza hakimu. Ila kukosekana kwa alama si ruhusa ya kukimbia kijijini: kuendesha kwa hatari ni kosa penye alama na pasipo alama. Kisha mpelekee sheha taarifa kwa maandishi, au Wakala wa Barabara Zanzibar, na nakala ubaki nayo.