Somo la Jikoni: Keki ya Machungwa

Akina mama, machungwa ya Muheza yakijaa sokoni, tusiyaache yaoze. Tusidharau ya kijani: penye joto chungwa huiva bila kubadili rangi.

Twaa unga wa ngano vikombe 2, bekingi pauda vijiko vidogo 2, sukari kikombe 1, siagi gramu 125, mayai 3, machungwa 2.

Piga siagi na sukari hadi ilainike. Tia mayai moja moja. Kwaruza ganda la juu tu, ndimo ilimo harufu. Ukifika kwenye weupe, keki itakuwa chungu, nawe utalaumu machungwa bure. Changanya na unga, bekingi pauda na maji ya machungwa nusu kikombe.

Mimina katika sufuria iliyopakwa siagi. Weka makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 40 hivi choma kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva.