Kitenzi "Kujishikiza" katika Usemi wa Madereva wa Pikipiki, Malindi na Kilifi

Tangu mwaka 2008, Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, vijana wengi wa Pwani wameingia katika udereva wa bodaboda. Hata hivyo, aulizwapo kazi yake, dereva wa Malindi au Kilifi aghalabu hujibu kwamba "amejishikiza" tu.

Asili ya kitenzi hiki yastahili kuangaliwa. Fundi cherehani hushikiza kitambaa kwa mishono ya muda kabla ya kukishona. Ndiko litokako neno kishikizo. Kiambishi -ji- chamfanya dereva awe fundi na kitambaa kwa pamoja. Hivyo "amejishikiza" hubeba wakati ujao pasi na -ta-: mshono wa kudumu ungali wangojwa.

Kampuni za programu za simu, mathalani Uber iliyofika Mombasa mwaka 2016, humwita dereva "mshirika". Ni neno la heshima, ila ushirika wenyewe hauna likizo wala kiinua mgongo. Kijiwe kimesema kweli zaidi.

Utata wa kisemantiki umo kwa dereva aliyejishikiza miaka 15. Uzi wa muda umekuwa ndio mshono, ilhali kitenzi anachokitumia ni kilekile.