Miti Kando ya Lami: Mafunzo Niliyopata Shinyanga na Geita

Nimesimamia upandaji wa miti kando ya barabara kutoka Tinde hadi Kahama na kuelekea Geita. Wengi hudhani miche huponywa na boza la maji. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Mvua ya lami ni mali. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Barabara yenye upana wa mita 7, kwa urefu wa mita 100 tu, hupokea lita 14,000 mvua ya milimita 20 ikinyesha. Hilo ni boza zima na zaidi. Elekeza mitaro kwenye mashimo ya miche kabla ya mvua za Novemba.

2. Udongo wa mbuga hauchezewi. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka, na maji yakituama karibu na tuta lami hutitia. Miti mikubwa na mashimo yake vikae pembezoni mwa hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu kisheria ni mita 30 kila upande kutoka katikati.

3. Kiangazi, nywesha mzizi. Kata kitako cha chupa ya plastiki, toboa kizibo kwa msumari mwembamba, kisha ifukie kichwa chini kando ya mche. Ijaze jioni, uache maji yadondoke taratibu. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo kuzunguka shina ili jua lisinyonye unyevu.

4. Mbuzi hawasomi mabango. Mlusina huliwa ukiwa bado mchanga, ila mwarobaini una uchungu unaousaidia. Hata hivyo, kila mche uzungushie miiba.

5. Mti usio na mwenyewe hukatwa. Huku kwenye dhahabu, kuni na magogo ya kushikilia mashimo ya wachimbaji vinahitajika kila siku. Jibu tunalo nyumbani: mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulirudisha uoto Shinyanga kwa kufufua ngitili za Wasukuma, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa ili uoto upumzike, na mwaka 2002 ukapata Tuzo ya Ikweta. Uoto ulirudi kwa kuwa kila ngitili ilikuwa na familia au kijiji cha kuilinda.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza zabuni ya boza, kaeni na mama lishe, waendesha bodaboda na serikali ya mtaa. Kubalianeni nani analinda mti upi, na nani atavuna matawi ukikua. Fedha ya maji ifuate makubaliano hayo.