Sanduku la Dawa Penye Ujenzi

Likizo iliyopita nilibeba zege penye jengo moja. Sanduku la dawa lilikuwapo, ila ufunguo ulikaa mfukoni mwa nyapara, naye alikuwa mjini siku mwenzetu alipoingiwa na saruji jichoni. Tulimwosha kwa maji yetu ya kunywa. Kumbe ndiyo dawa yenyewe! Saruji iliyolowa huunguza. Jicho lataka maji safi mengi, dakika 20 bila kukoma, kisha hospitali. Basi kwanza wekeni debe la maji lenye kifuniko. Sandukuni tieni bendeji pana, vitambaa safi vya kufungia jeraha, plasta, mkasi na sabuni. Aliyechomwa na msumari aoshwe, lakini sindano ya pepopunda haimo humo, apelekwe upesi. Kila Jumamosi vilivyotumika virudishwe. Na kufuli? Mimi ningelitupa.