Injini ya Mashua: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

Kuanzia Kendu Bay, Homa Bay, Mbita na Sindo hadi Karungu, Sori na Muhuru Bay, swali ni moja kwa kila mwenye mashua anayetaka kuacha makasia: ninunue injini gani? Wengi huangalia bei ya dukani tu, wakasahau kuwa injini hula kila siku. Somo la toleo hili linalinganisha injini za zamani na za kisasa, ili akiba yako au mkopo wa chama usiishie kwenye tangi la petroli.

Aina tatu zilizopo ziwani

Ya kwanza ni injini ya mapigo mawili, ile ambayo petroli huchanganywa na oili. Ndiyo iliyozoeleka zaidi katika fuo zetu. Ni nyepesi, haina vyuma vingi ndani, na fundi wa ufuoni huifungua na kuirudisha siku hiyo hiyo. Vipuri vyake havisumbui kupata. Ubaya wake ni ulafi. Katika zile za kabureta, hadi asilimia 30 ya petroli inaweza kutoka bila kuungua na kuingia majini. Ndiyo sababu katika ziwa Tahoe, Marekani, injini za namna hiyo zilianza kupigwa marufuku mwaka 1999. Nasi hapa tunachota maji ya kunywa ziwani.

Ya pili ni injini ya mapigo manne. Oili yake hukaa mahali pake kama ya gari, haichanganywi na petroli. Inakula kidogo, haina moshi mwingi wala kelele. Lakini ni nzito, bei yake iko juu, na inahitaji fundi aliyeisomea. Oili yake hubadilishwa baada ya saa 20 za mwanzo, kisha takriban kila saa 100 za kazi. Ukikosa kubadilisha, umeiua mwenyewe.

Ya tatu ni injini ya umeme inayotumia betri. Mbita, ambako wavuvi wa omena walianza zamani kukodisha taa za sola, kampuni ya Asobo imekuwa ikikodisha injini hizi kwa wavuvi. Haihitaji petroli wala oili ya kuchanganya. Kikwazo ni umbali: betri ikiisha, hakuna wa kukuazima lita moja majini. Inafaa safari fupi zenye kurudi ufuo ule ule, si safari ya Remba au Migingo.

Hesabu ya mfano

Tuchukue wavuvi wawili. Takwimu hizi ni za mfano tu. Weka bei za ufuo wako.

Tuseme injini ya mapigo mawili inatumia lita 10 kwa safari. Petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, hiyo ni shilingi 1,800. Ongeza oili ya kuchanganya ya shilingi 120; jumla ni 1,920. Injini ya mapigo manne yenye nguvu sawa itumie lita 7, yaani shilingi 1,260. Tofauti ni shilingi 660 kwa kila safari.

Mvuvi wa kwanza hutoka mara 20 kwa mwezi. Anaokoa shilingi 13,200. Tukiondoa 1,200 za kubadilisha oili na chujio, anabaki na 12,000. Kama injini ya kisasa ilimzidia shilingi 100,000 dukani, pesa hizo zinarudi kwa miezi 8 na siku chache.

Mvuvi wa pili hutoka mara 8 tu kwa mwezi. Akiba yake baada ya oili ni kama shilingi 4,800, na itamchukua karibu miezi 21. Kwake, injini rahisi ambayo fundi wa karibu anaijua inaweza kuwa uamuzi wa busara zaidi. Kwa hiyo anza kwa kuhesabu safari zako.

Kuchanganya oili

Injini nyingi za mapigo mawili hutumia sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Maana yake, mtungi wa lita 20 unahitaji mililita 400. Injini mpya kabisa mara nyingi huhitaji oili maradufu katika saa za mwanzo. Fuata kitabu chake. Usipime kwa macho. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, plagi huchafuka na moshi hujaa.

Ukinunua iliyotumika

Usilipe kabla ya kuijaribu majini. Angalia mambo haya:

1. Namba ya injini isiwe imekwanguliwa, na ifanane na ile iliyo kwenye risiti. Andikeni mauziano mbele ya viongozi wa BMU.
2. Fungua oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.
3. Tazama maji yanayochirizika nyuma ya injini inapounguruma. Yasipotoka, injini haipoi na itaungua.
4. Pima ubao wa nyuma wa mashua. Mguu mfupi wa injini ni wa ubao wa takriban inchi 15, mrefu ni wa inchi 20.

Jambo la tatu lina uzito kwetu zaidi. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo injini zetu haziliwi na kutu kama za Pwani. Adui wetu ni magugu maji. Huziba tundu la kunyonya maji ya kupoza na kujisokota kwenye propela. Ukipita katikati yake, zima, inua injini, safisha, kisha endelea.

Injini inapozima usiku

Hakuna injini isiyozima. Ikizima gizani, upepo ukivuma, bei yake haitakusaidia. Beba makasia, nanga, plagi ya akiba, tochi, simu iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, na jaketi la kuokoa maisha kwa kila aliye ndani. Mwambie mtu wa nchi kavu unakoelekea na saa ya kurudi.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inataka chombo cha uvuvi kisajiliwe na kiwe na leseni.

Wiki hii, chukua daftari. Andika kila safari, lita ulizotumia na samaki uliouza. Baada ya mwezi mmoja, lipeleke kwa BMU yako au kwa afisa wa uvuvi aliye karibu nawe, mkae pamoja mpige hesabu. Daftari hilo ndilo litakalokuambia ununue injini gani.